Kona ya Mugeni

Watu wakiniuliza nilianza kufundisha lini, huwa nawadanganya. Nawaambia nilianza mwaka ule nilipokabidhiwa darasa la kwanza pale Walikale, watoto sitini na ubao mmoja uliopasuka, nao hutikisa kichwa kwa heshima. Ukweli ni kwamba nilianza kabla ya hapo, huko Lushebere, katika sebule ya mama msafi kupita wote niliowahi kuwajua. Mwanafunzi wangu alikuwa mmoja tu, sungura jike aliyeenea kwenye viganja viwili. Somo nalo lilikuwa moja: aende haja kwenye sanduku, asiende sakafuni. Mnaweza kucheka, hata mimi nacheka ninapoandika. Lakini nimefundisha watoto wengi kusoma tangu hapo, wengine leo ni wauguzi na wachungaji, na bado sijapata kazi ninayojivunia kama ile.

Mwezi uliopita Riziki, binti wa nyumba ile, alinipigia simu nikiwa nasahihisha madaftari. Nilimwacha akiwa mtoto wa miaka kumi, sasa ni mama wa watoto watano, lakini sauti yake ikibanwa na kilio bado ni ileile. "Dada Faida," alisema, "mama ametuacha leo asubui." Nilifunga madaftari, nikamwomba mwenzangu anishikie darasa, nikapanda pikipiki. Matope ya njia ile sina haja ya kuyaeleza kwa mtu anayeijua, na asiyeijua hataniamini. Nilifika siku ya maziko, sketi imekauka udongo mpaka magotini, na jambo la kwanza nililofanya ni kuvua viatu mlangoni na kupangusa miguu. Mama Riziki alikuwa ndani ya jeneza na bado niliogopa kumchafulia nyumba. Ndani wanawake walikuwa wamekaa chini, bega kwa bega, wakiimba. Walinisogezea nafasi karibu na ukuta wa mbao. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kushoto, chini ya dirisha, lakini watu walikuwa wengi mbele yake na sikuona kitu. Nikajifunika kitenge kichwani nikalia, na huku nikilia mwaka niliokaa humo ulinirudia mzima.

Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimedubla mara mbili. Kwetu neno hilo halihitaji maelezo: wenzako wanapanda darasa, wewe unabaki kwenye benchi lilelile na wadogo zao. Yaliyonitoa kijijini kwetu Kalembe si ya hadithi hii. Inatosha kusema kwamba Mama Riziki, aliyenijua kwa njia ya kanisa, alikubali nilale kwake ili nijaribu kumaliza sekondari, na kwamba nilitembea siku mbili kufika. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Nilibeba maharagwe kichwani na kikapu mkononi, na ndani ya kikapu alikuwamo mtoto wa sungura, wa rangi ya kijivu, sikio moja limeinama. Sikumleta awe rafiki yangu. Nilimleta aliwe. Mama Riziki alifunua majani, akamtazama, akamshika ubavu kwa vidole viwili kama anavyopima nyanya. "Aksanti, Faida," alisema. "Lakini iko kadogo, haitoshe hata sahani moja. Tutaichunga mpaka Noeli." Papa Riziki, fundi seremala aliyekuwa akizungumza kama mtu anayelipia kila neno, alikuwa amekaa kwenye benchi akinoa randa. Alimtazama sungura, akanitazama mimi. "Mugeni amekuya na mugeni," akasema. Basi jina likawa hilo.

Nyumba ile naijua mpaka leo kuliko hii ninayolala. Kuta za mbao alizozipasua Papa Riziki mwenyewe, vyumba viwili, sebule yenye mabenchi manne na vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kitu kinachoweza kufunikwa, hata redio. Jikoni kulikuwa nje, kibanda cha moshi ambamo simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa kama panya wasio na mkia, walizurura kati ya mafiga, kama ilivyo kwa kila mtu. Lakini sebule ndiyo iliyokuwa fahari ya mama yule. Kila Jumamosi asubuhi alipaka sakafu kwa mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, kwa mkono wake, akirudi kinyumenyume kutoka ukutani mpaka mlangoni, na ikikauka ilikuwa laini mpaka unaona aibu kuikanyaga. Vyungu, mabakuli, ndoo, kila chombo kilisuguliwa kwa majivu na maji ya moto siku hiyohiyo. Watu walimwita Mama Propre, Kifaransa cha Mama Msafi, naye alijifanya hasikii, ila alitembea kama mtu aliyesikia. Mwanamke mwingine akisifiwa kwa chakula chake, yeye alikuwa akisifiwa kwa sakafu. Nilijifunza haraka kwamba katika nyumba ile unaweza kusamehewa kuchelewa, hata kuvunja kikombe, lakini si kuacha alama ya mguu.

Mwezi wa kumi, mvua ikiwa imekolea, siafu walikuja. Kibanda cha Mugeni kilikuwa nyuma ya jikoni. Kuku wa jirani walikuwa wamekwisha, manyoya tu, tulipoamshwa na kelele za jirani huyo alfajiri. Papa Riziki alikimbia na kurudi amemfunika sungura kwa kofia yake, siafu wananing'inia kwenye masikio yote mawili ya mnyama, na mikono yake imevimba. Nilimchomoa Mugeni siafu mmoja mmoja nikiwa nimekaa kizingitini. Alitetemeka lakini hakunikwaruza, na nadhani ni hapo ndipo ile sahani ya Noeli ilipoanza kunikaba kooni. Tulimjaribu jikoni pamoja na simbilisi. Siku mbili akapiga chafya kwa moshi, siku ya tatu akaruka karibu na chungu cha maharagwe yanayochemka. Ndipo nikasema, tukiwa tunakula, nikitazama bugali wangu: "Mama, labda akae ndani, sebuleni." Riziki mdogo aliacha kutafuna. Papa Riziki akasema, "Mukristu anapokeaka mugeni." Mama Riziki akamega tonge, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akalimeza kwanza. "Ndiyo," akasema. "Na mugeni wa mukristu anajuaka choo iko wapi." Nikasikia kinywa changu kikisema, bila ruhusa yangu, "Nitaifundisha."

Sharti aliloliweka nalikumbuka neno kwa neno. Shirika letu, yaani wanawake wa jumuiya ya kanisa, lilikuwa likisali kila wiki katika nyumba tofauti, na zamu yetu ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli. "Siku ile," alisema Mama Riziki, "bamama bote watakaa hapa. Kama sakafu iko safi, sungura itabakia, nitakula maharagi Noeli bila kulalamika. Kama inachafua mbele yao, asubui yake utanishikia miguu, mimi nitakata. Sawa?" Nikasema sawa. Nilipokuwa nikiosha mabakuli nje ya ukuta nilimsikia akimwambia mumewe, bila ubaya wowote, na kwa sababu hakukuwa na ubaya iliniuma zaidi: "Mwenye alidubla mara mbili, njo atafundisha sungura?" Nilisimama na bakuli mkononi. "Labda mwenye alidubla," akajibu Papa Riziki, "njo anajua vile mutu anashindwaka kusikia." Sijui kama alijua ninamsikia. Wazee wa namna ile huwezi kujua. Nilimaliza mabakuli nikiapa kwamba wote watatu wataona, mama, baba na sungura.

Papa Riziki aliunganisha vipande vya mbao vilivyobaki kazini, likawa sanduku la urefu wa mkono, kingo fupi ili sungura yule mdogo aweze kuruka. Mama Riziki akaamua liwekwe nyuma ya mlango, mahali ambapo mgeni hatalitazama. Nikatia majani makavu, nikamweka Mugeni ndani, nikasubiri. Alitoka. Nikamrudisha. Akatoka, akaruka taratibu mpaka kona ya kushoto chini ya dirisha, akanipa mgongo, akafanya alichotaka. Siku tatu ilikuwa hivyo, mimi nikimbeba kumpeleka mlangoni, yeye akirudi dirishani, mpaka siku moja Papa Riziki alipita na msumeno begani, akasimama. "Sanduku ifuate sungura," aliuliza, "ao sungura ifuate sanduku?" Hakusubiri jibu. Nikahamisha sanduku mpaka kona ya kushoto, na jioni hiyo nusu ya mavi ilikuwa ndani. Mama Riziki hakupenda, kwa kuwa kona ile ilionekana na kila anayeingia, lakini alikuwa mtu wa haki na hakulihamisha. Jambo la pili nililigundua peke yangu: sungura anapenda kula huku akienda haja. Nikaacha kumpa majani ya viazi popote pale, nikayaweka kwenye ncha moja ya sanduku. Aliruka ndani, akatafuna, na huku mbele kunaingia, nyuma kunatoka. Riziki alicheka mpaka akalala chini. Nikageuza mabenchi mawili ubavu nikamzungushia uzio mdogo kuzunguka sanduku, na kila alipofanya vizuri siku mbili mfululizo nilisogeza uzio kwa hatua moja. Kila aliporuka sandukuni nilimkuna kati ya masikio na kumwambia, "Ndiyo, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia mtu amefaulu.

Lakini Jumamosi zilinishinda. Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa mwanafunzi bora. Jumamosi, baada ya usafi, mchana kweupe, alifanya kama mtu asiyewahi kuniona. Vidonge vya mavi mlangoni, chini ya benchi, katikati ya sebule, na mkojo juu ya sakafu ambayo haijakauka vizuri. Mama Riziki alikuwa akipiga magoti na kupaka tena pale palipoharibika, hasemi neno, na mimi nilitamani aseme. Jumatatu tunaanza upya. Wiki ya kwanza nikasema ni bahati mbaya. Wiki ya tatu nilipandwa na hasira, nikapiga sakafu kwa ubao karibu na pua yake. Mugeni alijibana chini ya benchi, hakula siku nzima, na alipotoka alikojoa palepale alipo, kwa hofu. Nilikumbuka mwalimu wangu wa hesabu, aliyekuwa akipiga meza kwa rula kila nilipokosea, na jinsi namba zote zilivyokuwa zikitoka kichwani kwa mpigo ule. Niliona haya mbele ya mnyama. Leo, nikiwa na nywele nyeupe na watoto sitini mbele yangu, mkono wangu ukitaka kupiga meza huwa naona sikio lile lililoinama, basi naushusha.

Jumamosi ya nne sikwenda kuteka maji pamoja na Riziki. Nilisema naumwa tumbo, Mungu anisamehe, nikakaa kwenye benchi, miguu juu, nikatazama kila kitu. Mama alipaka sakafu. Kisha akabeba sanduku, akalimwaga shimoni, akalisugua kwa majivu na maji ya moto, akalianika, akalirudisha kwenye kona likiwa jeupe, na majani mapya ndani. Akatoka kwenda shambani akiwa ameridhika. Nilimwachilia Mugeni. Alinusa sakafu, akanusa tena, akaenda mpaka kwenye sanduku, akaweka miguu ya mbele juu ya ubao, akanusa, akashuka. Akarudi katikati ya sebule akakaa, pua inakwenda mbio. Nami nikashuka, nikalala kifudifudi, kidevu changu karibu na sakafu mbichi, nikavuta pumzi. Nyumba nzima ilinuka zizi. Nikatambaa mpaka kwenye sanduku nikavuta pumzi. Halikunuka kitu. Kwetu sisi nyumba ilikuwa imesafishwa. Kwa pua yake nyumba nzima ilikuwa imegeuka choo, na choo kimegeuka sahani. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa anafuata somo lilelile nililomfundisha, sisi ndio tuliokuwa tukifuta ubao kila Jumamosi.

Hapo sasa nilikuwa na elimu ambayo siwezi kuisema. Jaribuni kusimama mbele ya Mama Propre na kumwambia kwamba tatizo la nyumba yake ni usafi. Nilichagua njia ya mwoga. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, kila Ijumaa nikaweka humo konzi moja ya majani machafu ya Mugeni, nikalificha chini ya kitanda, na Jumamosi mama akishatoka niliyarudisha sandukuni chini ya yale mapya. Ilisaidia. Haikutosha, kwa kuwa sakafu ilikuwa bado mbichi, lakini ilisaidia, na nilianza kujiona mjanja. Kumbe mwanamke anayefua mpaka vitambaa vya redio hawezi kushindwa kusikia harufu chini ya kitanda. Zilibaki wiki mbili kufika siku ya shirika nilipotoka shuleni nikamkuta amekaa kwenye benchi, kopo liko mbele yake juu ya kitambaa cheupe, limefunguliwa.

"Faida," alisema polepole. "Hii ni nini?"

"Ni mavi ya Mugeni, mama."

"Ninaona ni mavi. Ninauliza, mutoto wangu, juu ya nini unachunga mavi ndani ya nyumba yangu?"

Nilimwambia yote, nimesimama, begi la shule bado begani. Nilimwambia alivyonusa, nilivyolala kifudifudi, nilivyodanganya tumbo linauma. Nilimwambia kwamba sungura hasomi kwa macho, na kwamba kila Jumamosi tunamchomea daftari. Niliposema neno "majivu" nilimwona akitazama mikono yake. Nilijua kwamba ni Mugeni anayehukumiwa, na nilihisi kwamba nami nahukumiwa, maana nilikuwa mgeni katika nyumba ile kama yeye na nilikuwa nimeficha uchafu ndani yake. "Wakati tulirudiaka kutoka bukimbizi," alisema Mama Riziki, "hii fasi yote ilikuwa majani. Sikujua kwangu iko wapi. Papa Riziki alisema ni huku, mimi nikasema hapana. Kiisha nikasikia harufu ya moshi ya jikoni yangu, ndani ya udongo, nikasimama. Nikasema, ni hapa." Alifunika kopo, akalisukuma kuelekea kwangu kwa kidole kimoja. "Ile kona sitapaka tena. Sanduku utapangusa na majani kavu, bila majivu, bila maji ya moto. Lakini sikiliza. Kama inanuka mpaka kwa jirani, mimi na wewe tutaonana." Nikasema ndiyo mama. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kuvua viatu, nikapita navyo sebuleni, na aliniita nirudi nikapanguse.

Jumamosi iliyofuata alipaka nyumba nzima na kuacha mraba chini ya dirisha, kavu, wenye ukubwa wa sanduku na kiganja kimoja kila upande. Najua kilichomgharimu. Alipofika pale alisimama na mkono uliojaa mavi hewani, kisha akapita. Mugeni alinusa sebule nzima mchana ule, akatembea mpaka kwenye mraba wake, akaruka ndani. Nilitoka nje nikaruka mimi pia, nyuma ya jikoni, simbilisi tu ndio walioniona.

Siku ya shirika mvua ilinyesha na wanawake walikuja wote. Walivua viatu, wakajaza mabenchi, wakasifu sakafu kama kawaida. Mama Prezida, kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye kitenge kipya chenye ndege wa dhahabu, alipewa kiti pekee chenye mgongo, na kiti hicho kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kona. Nilikuwa nimemfungia Mugeni chumbani, nimeegemeza ubao mlangoni. Sikukusudia ushujaa wowote. Lakini Riziki alikwenda kuchukua kitabu cha nyimbo, na Riziki hakuwahi kufunga kitu maishani mwake. Katikati ya somo, msomaji akiwa amefika mahali pa wachungaji na mifugo yao, niliona sikio lililoinama likitokeza mlangoni. Mama Riziki aliliona pia. Tulitazamana kupita vichwa vya watu wote wale, na hakuna aliyeweza kusimama. Mugeni aliingia sebuleni, akaruka mara tatu kati ya miguu iliyonyooshwa. Msomaji alisita, akaendelea. Mugeni akasimama mbele ya Mama Prezida, akanusa upindo wa kitenge, ndege wa dhahabu mmoja mmoja. Ninajua kusali, lakini sijawahi kusali kwa ufupi namna ile. Nilisema, "Kona." Basi. Mugeni akainua pua, akageuka, akaruka mpaka chini ya dirisha, akaingia sandukuni, akajipanga, akaanza kutafuna majani ya viazi akitutazama sote kwa utulivu. Msomaji alinyamaza kabisa. Katika ukimya ule tulisikia vidonge vikianguka kwenye majani makavu, kimoja kimoja, ndani ya sanduku.

Mama Prezida aliinama akatazama. "Mama Riziki," akasema, "sungura ya kwako iko na choo yake?"

Mama Riziki alinyoosha kitenge chake kwenye magoti, bila haraka. "Iko na mwalimu yake," akajibu, na akanionyesha kwa kidevu.

Vichwa vyote viligeuka. Mmoja akasema watoto wake wa kiume hawajafika kiwango kile, na wanawake wakacheka mpaka somo likabidi lianzwe upya. Mimi sikucheka. Hakuna mtu aliyekuwa ameniita mwalimu kabla ya siku ile, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeitwa mambo mengine. Wiki ile tulikula Noeli ya maharagwe na ndizi, na kipande cha fromaji, jibini la kwetu, na Mama Riziki hakulalamika kama alivyoahidi. Aliimba hata. Mwezi wa sita nilifanya mtihani wa mwisho, ule tunaouita Exetat, na matokeo yaliposomwa redioni jina langu lilikuwamo. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda. Mama Propre alifungua kopo zima, akanimwagia kichwani katikati ya sebule yake, poda ikajaa sakafuni na kwenye vitambaa vyote, Riziki akampaka Mugeni masikio, na mama yule akasimama ndani ya uchafu ule akilia kwa furaha. Niliondoka Lushebere nikiwa na cheti. Mugeni alibaki. Alizaa mara nyingi, na sitaficha kwamba watoto wake waliliwa, hiyo ndiyo kazi ya sungura, lakini mwenyewe hakuguswa. Mwaka Mugeni alipokufa kwa uzee, Mama Riziki alinitumia salamu Walikale kwa mdomo wa mchuuzi wa mafuta ya mawese: "Mwambie mwanafunzi wake alimaliza vizuri."

Watu wa msiba waliondoka siku ya tatu, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Tulibaki Riziki na mimi. Nyumba ile imevuliwa na vita mara mbili tangu nilipoiacha. Mabati yalibebwa, mlango ulibebwa, vitambaa na redio sijui viko wapi, na Papa Riziki alitangulia zamani. Sakafu haibebeki. Kila waliporudi kutoka ukimbizini, Mama Riziki alianza na sakafu kabla ya paa. Riziki alileta ndoo ya mavi na majivu, tukatoa mabenchi nje, na ndipo nikaiona kona. Chini ya dirisha kulikuwa na shimo la mraba, kingo zake zimenyooka, kina chake unene wa kidole. Nilidhani kuna kitu kilichimbwa. Nilipiga magoti, nikapitisha mkono, na nikaelewa: pale chini ilikuwa sakafu ya mwaka ule. Yote mengine yalikuwa yamepanda juu, Jumamosi kwa Jumamosi, miaka yote hiyo, na mkono wa mama yule ulikuwa ukifika hapo na kupita.

"Alitukataza," Riziki alisema nyuma yangu. "Hata wakati aligonjwa, mimi njo nilikuwa ninapaka, alikuwa anaangalia kutoka kitanda. Nilimwambia, mama, sungura alikufa zamani. Akasema, sichungi fasi ya sungura. Ninachunga fasi ya Faida."

Nililia, na ndani ya kilio kile nilikuwa na fahari, sitasema uwongo, fahari iliyonijaa kifua. Kisha nikakunja mikono ya blauzi nikaanza kupaka, kutoka ukutani, kinyumenyume, kama alivyonifundisha. Nilipofika chini ya dirisha niliinua mkono, nikapita.